Barua ya Kumsitiri Ami

Barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika ni ile niliyoachia kazi yangu ya kwanza. Ilianza kwa salamu, katikati ikawa na dua, mwisho ikaomba msamaha, na bibi yangu alitaka asomewe mara tatu kabla hajaniruhusu kuitia saini. Kasoro yake ni moja tu, kwamba kazi ile sikuiacha. Niliachishwa, ila aliyeniachisha hakuweza kulitamka neno lenyewe, nami nikamfichia aibu. Karibu miezi miwili iliyofuata nilihangaika kutafuta njia ya kuthibitisha kuwa nilifukuzwa, na kila aliyeisoma barua yangu alinisifu kwa adabu.

Ofisi yetu ilikuwa Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, juu ya duka la fundi wa madishdasha, kanzu za Kiomani. Tulikuwa tukichora ramani za nyumba. Mtu mwenye kiwanja anakuja na matamanio yake, tunakaa naye, tunamchorea, kisha ramani inapelekwa baladiya, yaani manispaa, kupitishwa, inarudishwa na makosa, tunaitengeneza, inapelekwa tena. Mimi nilikuwa mchoraji. Jumla tulikuwa watu wanne: mwenye ofisi, mhandisi Mhindi aliyekuwa akitia saini ramani, mimi, na dada mmoja kutoka Tanga. Yeye aliajiriwa kusafisha na kupika chai, lakini ukitaka kujua jambo lolote la ofisi ile, ulimuuliza yeye.

Mwenye ofisi nilimwita ami, ingawa si ndugu wa baba yangu. Alizaliwa Unguja, nyumba ya tatu kutoka kwa bibi, na bibi alimjua tangu akivaa kaptula ya skuli. Mtu wa namna hiyo humwiti bosi. Isitoshe, ndiye aliyenipa kazi nilipotoka chuoni, wakati wenzangu niliosoma nao walikuwa wanajaza fomu na kusubiri.

Ami alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kumwambia mtu hapana. Mteja akitaka majlis, sebule ya wageni, ya kukalisha harusi nzima kwenye kiwanja kisichotosha gari mbili, ami atasema inshaallah, tutaangalia. Mteja akishateremka ngazi, naitwa mimi nimpigie simu nimwambie haiwezekani. Mimi hasira zangu ziko karibu na maneno hayanikai mdomoni, kwa hiyo kazi hiyo niliifanya kwa raha zangu. Tulikuwa tukifaana sana.

Kisha wateja wakapungua. Mwanzo tulisema ni joto, watu wamesafiri. Joto likapita na watu wakarudi, na simu ya ofisi bado ikawa kimya. Mhandisi akaanza kuja na gazeti. Mimi nikapanga mafaili ya zamani kwa kufuata miaka, na nilipomaliza nikayapanga upya kwa majina ya wateja.

Jumapili moja, siku ya kwanza ya wiki ya kazi kwetu, ami akaniita chumbani kwake. Meza ilikuwa imeandaliwa kahawa na halua, na halua yenyewe si ile ya kila siku bali ile nyeusi yenye zafarani na lozi, inayonunuliwa kwa wageni. Akaniuliza hali ya goti la baba. Nikamwambia goti halijambo. Akanikaribisha halua. Tukakaa robo saa tukisifu halua, kisha akasema haya mwanangu, karudi kazini, na kazi yenyewe hakuna.

Jumatatu akaniita tena. Halua ileile, bakuli jipya. Safari hii alinieleza ukuta wa nyumba yake Bustan, ule wa upande wa mlima, kwamba kila ikinyesha mvua unalia maji ndani. Jumanne nikaitwa mara ya tatu. Ami akavua kofia akaiweka mezani, akaitazama, akaivaa tena. "Mwanangu," akasema, "dunia hii..." Nikasubiri. Akasogeza bakuli mbele yangu. "Hujala kitu. Ongeza."

Nilipopita jikoni, dada wa Tanga alikuwa anasuuza vikombe. Hakugeuka hata kunitazama.

"Dada, siku tatu halua ya wageni? Hapo kuna mtu anaondoka, mimi nakwambia. Na si injinia, maana bila saini yake ofisi inafungwa. Na si mimi, maana mimi ndo naosha hilo bakuli."

Nilikasirika, siwezi kusema uongo. Sikukasirikia kupunguzwa kazi, kwa sababu macho ninayo na ule ukimya wa simu niliusikia mwenyewe. Nilikasirikia halua. Nilitaka mtu anitazame usoni aniambie khalas, kazi imekwisha, nami nishukuru, nichukue rula zangu nende zangu. Nyumbani nikamwaga yote mbele ya bibi, ambaye alikuwa anachagua mchele sebuleni.

"Huyo hawezi," alisema bibi. "Tangu mdogo hawezi. Mamake alimtuma siku moja kurejesha kuku, wameuziwa kuku mgonjwa. Karudi nyumbani na kuku wawili, kamnunua na mwengine."

"Sasa mimi nifanye nini, bibi?"

"Msitiri. Mtu mzima humwachii akatokwa na jasho mpaka atamke neno la kumwaibisha. Yeye kakupa kazi, weye mpe njia. Lete karatasi."

Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mgeni anaaga kabla mwenye nyumba hajapiga mwayo. Ukiona mtu anatafuta pa kuanzia, unamwanzia. Nimeona baba yangu akimrudishia jirani ngazi ya jirani mwenyewe huku akimwomba radhi, kwa sababu jirani alikuwa amesahau kwamba ngazi ni yake na baba hakutaka aone haya siku atakapokumbuka. Kwa hiyo nikaleta karatasi. Bibi alisema kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kiarabu.

"Andika: nimepata kheri nyingi kwako, na sasa nnaomba uniruhusu nikapumzike."

"Sihitaji kupumzika, bibi."

"Andika tu, mwanangu. Nani kakwambia barua ni ya kusema unachohitaji?"

Kesho yake nikampelekea. Ami aliisoma kwa kusimama, kisha akaisoma kwa kukaa. Machozi yalimtoka kweli. Akaniombea dua ndefu, mume mwema, kazi njema, afya ya wazazi, na mhandisi akaitikia amina bila kujua anaitikia nini. Dada wa Tanga alinifuata mpaka mlangoni.

"Umeandika mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Nimemsitiri mzee."

"Haya," alisema. "Sitiri tu."

Wiki ile simu ya mama haikupumzika. Shangazi, mashoga wa bibi, mke wa ami mwenyewe, wote walipiga kusema mtoto mwenye adabu kama huyu hapatikani tena siku hizi. Nami, nikubali nisikubali, nilivimba kichwa. Nikawa naamka kwa raha na kunywa chai kwenye ua, nikijiona mtu mwema.

Aliyenizindua ni mhandisi. Alinipigia kunitakia heri, akaniuliza kama nimeshaomba mafao. Nikamuuliza mafao gani. Akastaajabu, mwenye nchi haijui sheria yake na yeye mgeni anaijua. Akanieleza kwamba kijana wa Kiomani akitolewa kazini bila kosa lake, kuna mafao analipwa kwa miezi kadhaa huku akitafuta kazi nyengine, na ni haki, si sadaka, kwa sababu kila mwezi mshahara wangu ulikuwa unakatwa kidogo kwa ajili hiyo. Nikaangalia karatasi za mshahara na kweli, makato yale yapo. Mimi nilidhani ni kodi ya kitu.

Nikakaa kuomba. Ombi linafanywa kwenye simu, na watu wakasema dakika kumi tu. Kuingia kwenye ukurasa kunataka simu ikutambue kuwa ndiye wewe, na simu ilipotafuta ikasema mimi ni mwanamme wa miaka sitini na tatu. Laini yangu ilikuwa kwa jina la baba. Nadhani nusu ya mabinti wa Maskati laini zao ni za baba zao, walizonunuliwa siku walipoanza skuli ya sekondari na hakuna aliyekumbuka tena. Baba akavaa dishdasha iliyopigwa pasi, kama anakwenda kuoza binti, tukaenda pamoja dukani akanikabidhi laini yangu mbele ya mashahidi. Njiani kurudi akasema, "Sasa vocha utajitilia mwenyewe," nikacheka mpaka nikakosea njia.

Ukurasa ukafunguka. Jina langu, kazi yangu, tarehe, vyote vilikuwa tayari vimejazwa kutoka ofisini. Chini kulikuwa na sababu ya kumalizika kazi, na hapo ami, mtu mkweli, alikuwa amejaza kile kilichoandikwa kwenye barua: amejiuzulu. Sehemu hiyo huwezi kuigusa. Nilibonyeza hivyo hivyo. Kabla ya magharibi jibu likaja, ombi limekataliwa.

Hapa yafaa nieleze kwa nini mafao yale yalikuwa jambo kubwa kwangu. Ofisi zote zilizokuwa zinatafuta wachoraji zilitaka mtu anayejua programu mpya, ile inayoisimamisha nyumba nzima ndani ya kompyuta mpaka mabomba yake. Mimi nilikuwa nimejifunza ya zamani. Nilikuwa nimeanza kozi ya programu hiyo, siku tatu kwa wiki baada ya alasiri, na karo ya sehemu ya pili ilikuwa imekaribia. Baba ni mstaafu na nyuma yangu kuna ndugu watatu wanaosoma. Angelinipa kama ningelimwomba, na ndiyo maana sikutaka kumwomba. Njia iliyobaki ilikuwa Qurayyat, mji wa pwani nje ya Maskati, kwa mjomba, ndugu wa mama, mwenye kiwanda cha barafu ya wavuvi. Alikuwa ameshaniwekea meza karibu na dirisha, niwe naandika risiti za barafu. Qurayyat naipenda sana kwa siku ya Ijumaa, samaki wake na minazi iliyopandwa kati ya mitende. Lakini nilijua nikikaa kwenye meza ile, sitachora tena. Mjomba mwema ni vigumu kumtoroka kuliko mjomba mbaya.

Nikaenda kwenye ofisi ya huduma kuonana na mtu. Nilichukua nambari, nikakaa. Pembeni yangu kulikuwa na binti mwenye shahada ya kemia, amemaliza chuo zamani na hajawahi kuajiriwa. Alikuja kuulizia mafao hayohayo kwa sababu mtu alimwambia ni ya vijana wasio na kazi. Walikuwa wameshamjibu. "Inataka kwanza uwe na kazi, ndiyo uipoteze," aliniambia akicheka. "Nimewaambia nipeni basi, nitaipoteza kesho." Nilicheka naye, lakini nilipomtazama akikunja vyeti vyake na kuvirudisha kwenye mkoba, nilijisikia vibaya. Mimi angalau nilikuwa na mlango wa kugonga.

Karani aliyeniita alikuwa wa umri wangu, na abaya yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Tulianza kwa Kiarabu. Nilipofika kwenye habari ya halua nikaona midomo yake inacheza.

"Nyinyi wa Unguja?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Unguja, Malindi."

"Sisi Pemba. Basi nimekwisha fahamu." Akaifungua barua yangu, iliyotumwa na ofisi, kwenye kioo cha kompyuta. "Wallahi nimeisoma mara mbili, dua yake imenigusa. Lakini, dada'ngu, mafao haya ya mtu aliyetolewa. Weye umetoka."

"Sikutoka. Nilimsitiri mzee."

"Nakusadiki. Lakini hapa hapana kisanduku cha kusitiri." Akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Kulikuwa na kujiuzulu, kufukuzwa, mkataba kumalizika, kampuni kufilisika, kifo. Nikasoma mpaka mwisho na kweli hakipo. Akaniambia dawa ni moja. Ami aje mwenyewe, pamoja nami, aseme kwa mdomo wake na atie saini kwamba alinitoa kwa kukosa kazi, kisha barua yangu ibatilishwe na ombi litazamwe upya. Na asichelewe, kwa sababu muda wa kuomba ulibaki wiki tatu.

Nikatoka pale nikiwa nimemkasirikia kila mtu, wa kwanza mimi mwenyewe. Nikampigia dada wa Tanga.

"Si umwambie tu?" alisema. "Yaani mtu uende ukamwambie, bwana, sema ulinifukuza. Kuna ugumu gani? Kwanza nyie mna bahati. Sisi tukiachishwa tunapewa tiketi ya kurudi kwetu." Hakusema kwa uchungu, alisema kama anayetaja hali ya hewa, kisha akaniuliza kama bibi bado anapika vitumbua. Nikamwahidi kumletea. Tiketi ile sikuisahau, na kila nilipotaka kujihurumia ilinijia kichwani.

Ijumaa nikaenda Bustan na sahani ya vitumbua. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi kwenye gari, kwa sauti. Niliapa kwamba nitasema kabla ya kikombe cha pili. Ami alinipokea kwa furaha ya mtu aliyekosa mgeni, akanizungusha nyumba nzima, akanionesha ukuta unaolia. Kahawa ikaja, na halua. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akaniuliza goti la baba. Nikasema halijambo. Nikaondoka.

Ijumaa ya pili nilikwenda na mchoro. Nilikuwa nimeutafakari ukuta wake wiki nzima, nikamchorea mfereji wa kuyachepusha maji ya mlimani kabla hayajafika kwenye msingi. Alifurahi sana. Aliushika mchoro mbali na macho, kisha karibu, akamwita mke wake aje auone. Sasa ndiyo nikashindwa kabisa. Ningemwambiaje mtu aliyeshika mchoro wangu hivyo kwamba nimekuja kumtaka aseme alinifukuza? Mimi ninayewafokea madereva kwenye mzunguko, mimi niliyekuwa nikiwaambia wateja majlis yao haiwezekani, nilikaa pale nikiongeza halua.

"Umemwambia?" aliuliza bibi niliporudi.

"Sijamwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umenilea wewe!"

Nilisema kwa ukali, na mara hiyo hiyo nikajuta. Bibi hakukasirika. Alikaa kidogo akizungusha tasbihi, kisha akasema, "Basi Ijumaa tutakwenda wote." Ijumaa ile ilikuwa ya mwisho. Jumanne yake muda wa kuomba ulikuwa unafungwa, na mjomba alikuwa ameshauliza napenda kiti cha aina gani.

Bibi alijifukiza udi, akavaa abaya yake ya sherehe, akaniambia nimwache, atazungumza yeye. Nikapumua. Tulipofika, yeye na ami wakaanza na Unguja. Walitaja kila nyumba kwenye kichochoro chao, nani alikuwa na redio, nani alikuwa na mbuzi asiyefungwa. Wakahamia kwa marehemu, kisha kwa wagonjwa. Saa nzima ikapita. Nikamtazama bibi, bibi akatazama dari. Nikafahamu kwamba na yeye hawezi. Nikaiona meza ya Qurayyat na dirisha lake.

Ndipo mke wa ami akaingia na bakuli. Halua nyeusi, ya zafarani na lozi.

Ami alilipokea bakuli, akalitazama, akanitazama mimi, kisha bibi. Akaliweka chini, mbali, tusilifikie.

"Hii Ijumaa ya tatu," alisema polepole. "Mtoto ana neno hawezi kulisema. Mimi namjua mtu wa namna hiyo, nimekaa naye miaka yangu yote. Sema, mwanangu."

Nikasema. Yalitoka yote pamoja, barua, kisanduku, kozi, barafu, tena kwa kilio, ingawa kilio sikukipanga. Ami alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari ya goti la mtu yeyote.

"Wanataka niseme," alisema.

"Ndiyo, ami."

"Kwa mdomo wangu."

"Kwa mdomo na saini."

Akavua kofia, na safari hii hakuivaa tena. "Siku ile uliponiletea barua, nlijua hutaki kupumzika. Mtoto wa umri wako apumzike na nini? Nlijua, na nikaipokea. Nikamshukuru Mungu kanipunguzia. Nsamehe, mwanangu."

Bibi akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyetaka karatasi. Ami akasema hasha, kosa lake yeye. Nikaona sasa watashindana mpaka alasiri, nikawaambia jamani, Jumanne wanafunga. Nilimpenda ami siku ile kuliko siku aliyonipa kazi.

Jumapili asubuhi tukaenda wote watatu. Ami alikuwa amevaa kilemba cha siku kubwa, na bibi alikataa kubaki nyumbani. Ukumbi ulikuwa umejaa, vijana na nambari zao mkononi. Karani wa Kipemba alituita, akamwamkia ami kwa heshima, shikamoo ami, karibu, akamkalisha. Kisha akaweka vidole juu ya vitufe.

"Ami, sababu ya kumalizika kazi ya binti huyu?"

Ami akakohoa. "Tuliachana kwa wema," alisema.

"Alhamdulillahi. Lakini kisanduku hicho sina, ami."

"Yeye kaona, na mimi nikaona..."

"Nani alimtoa?"

Ami alianza kutokwa na jasho chini ya kilemba. Nikaona mkono wa bibi unasogea, nikajua anataka kumsaidia, anataka kutafuta neno la kumpitishia. Nikaushika mkono ule nikaukalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwachia mtu mzima atokwe na jasho mpaka mwisho, na iliniuma kama jino.

Ami akasimama. Sijui kwa nini alisimama, labda jambo zito hulisema hivyo. Akatangaza kwa Kiarabu, kwa sauti ya kuadhini, kisha akarudia kwa Kiswahili ili bibi asikie vizuri: "Nimemfukuza mimi! Kazi ilikuwa hakuna, na huyu mtoto hana kosa lolote. Nimemfukuza mimi!"

Ukumbi mzima ukageuka. Karani akaandika. Bibi akasema, "Mungu akuzidishie," na mimi, niliyefukuzwa mbele ya watu wote wale, nikainuka nikambusu ami kichwani. Karani alipotaka barua ili aibatilishe, ami aliitoa kifuani, imekunjwa mara nne, akauliza kama ikishagongwa muhuri atarudishiwa. Akarudishiwa.

Mafao yakaja, si mengi, lakini yalitosha kozi na petroli, na kabla hayajakwisha nikapata ofisi nyengine, Khuwair hiyo hiyo, mtaa wa nyuma. Mfereji wa Bustan umechimbwa na ukuta umenyamaza. Ami nakutana naye mara kwa mara, kwenye hitima au mlangoni mwa baladiya, yuko na wazee wenzake. Yule aliyeshindwa siku tatu kutamka neno moja, sasa hawezi kuniona bila kulitamka. Ananishika bega, ananigeuza wanione vizuri, na kuwaambia kwa majivuno: "Huyu mnamwona? Huyu nlimfukuza mimi mwenyewe."